Huo muziki ulio chini ya picha una mwenyewe: barua ya wazi kwa wakubwa wa filamu, televisheni na jukwaa

Kwenu nyinyi mnaosimamia hakimiliki, filamu, utangazaji na majumba ya maonyesho hapa Nairobi, pamoja na waheshimiwa wa kamati za Bunge ambako hizi sheria zetu hupitia,

Hamjambo wakubwa. Mimi ni mtunzi wa muziki wa filamu, vipindi vya TV na michezo ya jukwaani, nakaa Umoja, hii kazi nimeifanya miaka 11 na jina langu hamlijui, msijisumbue kulitafuta kwa simu maana hamtapata kitu, na hiyo ndiyo sababu nawaandikia. Barua hii nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa matusi, nikaifuta. Ya pili ilikuwa ya kubembeleza mpaka nikajionea haya mwenyewe, nikaifuta pia. Hii ya tatu nimechoka kufuta, mtanisamehe ikiruka ruka.

Ilianzia kwa kinyozi. Jumamosi moja mwezi uliopita niko kwa kiti, shuka shingoni, mashine inanguruma nyuma ya sikio, TV iko kule juu ya kioo karibu na dari kama kawaida ya vinyozi wote wa Nairobi, mara naisikia. Noti nne za nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo, alafu chivoti, filimbi ya Pwani, inaingia juu yake, alafu besi. Nikakaa wima mpaka jamaa akaniambia tulia mkubwa, nitakukata. Huo mdundo niliutunga 2017 nikiwa nimekaa sakafuni, sakafuni kwa sababu kiti changu kilikuwa kinalia kwenye rekodi, na kipindi chenyewe kinarudiwa sijui ni mara ya ngapi sasa. Kinyozi ni kijana wa juzi tu, lakini akaanza kuufuatisha kwa mluzi huku ananyoa, hajakosea hata noti moja. Nikamuuliza huo muziki ni wa nani? Akaniambia, "Si ni wa hiyo stesheni, mkubwa." Akapuliza mashine, akaendelea na kazi yake.

Kwa huo muziki, wa kuanzia kipindi pamoja na ule wote wa katikati, vipindi 13, nililipwa shilingi 15,000. Mara moja tu. Nusu ilikuja kwa M-Pesa kabla, nusu ya pili ikaja miezi minne baadaye baada ya simu ambazo hata nikizihesabu nitalia. Kutoka hapo mpaka leo sijaona hata shilingi. Stesheni siitaji, prodyusa simtaji, sijaja kumchoma mtu hapa, na ukweli ni kwamba nimezunguka nikiuliza watu wanaojua na wote wameniambia hao hawajavunja sheria yoyote. Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Kama wangekuwa wameiba ningeenda kwa polisi, lakini kama sheria iko nao basi mtu wa kuandikiwa barua ni aliyeiandika na anayeisimamia, yaani nyinyi.

Wacha kwanza niwaambie hii kazi huwa inaenda aje, maana nahisi wengi wenu mnadhani muziki wa filamu huwa unaota wenyewe kama majani ya kando ya barabara. Wanashuti, wanamaliza, edita anakata wiki tatu, picha inafungwa, yaani wanakubaliana hakuna kukata tena, na ndio sasa mtu anakumbuka kwamba hii kitu iko kimya. Unaitwa mwisho kabisa. Unafika bajeti ishaliwa, imeliwa na magari, imeliwa na chakula cha seti, imeliwa na kulipia mahali pa kushutia, wewe ni kama mgeni aliyefika wakati sahani zinaoshwa. Unaketi na dairekta mnaangalia picha mwanzo mwisho, unaandika: muziki uingie hapa, utoke hapa, hapa kunyamaze kabisa. TV yetu inaenda picha 25 kwa kila sekunde na mimi huwa nazihesabu moja moja, maana mlango ukifungwa kwa picha ya 9 na ngoma yangu ikagonga kwa picha ya 14, mtazamaji hataweza kukwambia kosa liko wapi lakini atahisi kuna kitu kimekwaruza. Hizo ni picha tano, hata kupepesa jicho hujamaliza.

Alafu kuna ule ugonjwa wa muziki wa kushikilia. Edita akiwa anakata huwa anaweka muziki wa mtu mwingine chini ya picha ili asilale, kawaida anauchomoa kwa filamu kubwa ya Marekani, okestra ya watu 80 wamekaa kwa ukumbi wanapuliza, na dairekta anausikia kila siku mpaka anaoana nao. Sasa ukija wewe anakwambia nifanyie kama huo lakini usiwe huo. Na wewe uko na kibodi moja yenye noti mbili zilizokufa, na jamaa wa orutu, ile fidla ya uzi mmoja, ambaye lazima arudi Kariobangi kabla giza liingie.

Hiyo kazi ya 2017 niliomba niiweke nyatiti. Dairekta akasema nyatiti itafanya kipindi kiwe cha kijijini. Nikamwambia nipe usiku mmoja tu. Nikamwita mzee mmoja wa kutoka Siaya aliyekuwa anakaa Kaloleni, nilikuwa namwita jaduong' na yeye alikuwa ananiita nyathina, mtoto wangu, na alikuja na nyatiti yake imefungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga kweli. Umoja inanyamaza kati ya saa nane usiku na saa kumi, baada ya hapo ni jogoo, adhana na makanga, kwa hivyo hizo ndizo saa za kurekodi kama huna pesa ya studio. Tulining'iniza magodoro mlangoni na kwa dirisha. Nikaweka maiki moja karibu na zile nyuzi nane na nyingine chini kabisa kwa mguu wake, maana mpiga nyatiti huvaa pete ya chuma kwa dole gumba la mguu na kuigongesha kwa mbao ya ala yenyewe, huo ndio mdundo, ukikosa hiyo umekosa nusu ya muziki. Stima ikapotea saa tisa kasoro. Tukangoja gizani, akaniuliza hii picha ni ya nini. Nikamwambia ni mama anafungua barua, anasoma mtoto wake amefia ng'ambo. Akanyamaza. Stima iliporudi akasema nimwonyeshe huyo mama kabla hajapiga. Nikamwonyesha kwa laptopu, akaangalia mara mbili, akarudi kwa kigoda chake akapiga polepole kuliko vile nilikuwa nimeandika, nusu ya mwendo karibu. Nikamwambia jaduong', hapo umechelewa. Akaniambia, "Nyathina, mama wa barua ya kifo hapigiwi haraka."

Nikabomoa kila kitu nilichokuwa nimetunga nikaanza upya kufuata vidole vyake. Dairekta alipoisikia hakusema tena mambo ya kijijini. Zile noti nne kinyozi alikuwa anapigia mluzi zilitoka usiku huo.

Mzee nilimpa 3,000 kutoka kwa zile 15 zangu. Wa chivoti 2,000. Tokeni za stima, nauli, diski ya kuhifadhia, hesabu yenyewe mnaiona. Mzee alifariki 2021 na kipindi kinarudiwa bado, kila kikirudi mguu wake unagonga saa moja na nusu jioni kwa nyumba za watu wasiomjua.

Sasa tuje kwa sheria yenyewe, nimeisoma mpaka kurasa zimekunjika, na mimi si wakili kwa hivyo nikikosea mahali nirekebisheni, lakini naamini hapa sijakosea. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inaanza vizuri sana, inasema hakimiliki ni ya aliyetunga. Unasoma unafurahi. Alafu inakuja ile "lakini". Kama kazi imeagizwa na mtu ambaye hata si mwajiri wako, hakimiliki inachukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa muwe mmekubaliana vingine. Geuza ukurasa, kifungu cha 33, huko wanasema kuuza hakimiliki hakuna nguvu mpaka kuwe na maandishi na sahihi. Mnaona hiyo kitu? Nikitunga wimbo wangu kitandani alafu nikuuzie, lazima tuandikiane. Lakini ukinitumia ujumbe wa WhatsApp saa tano usiku, "bro nifanyie kitu ya huzuni dakika mbili, tutaongea mambo ya pesa", basi umeshamiliki. Hakuna sahihi, hakuna wakili, hakuna hata neno hakimiliki lililotajwa. Anayelindwa na karatasi ni mtu wa kuuza, na sisi wa filamu karibu kila kitu tunachotunga tumeagizwa, hakuna mtu hutunga muziki wa filamu bila filamu.

Na hakimiliki ya muziki hapa kwetu inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hivyo nikifa kesho, ule muziki wa elfu 15 utaendelea kulindwa nusu karne, unalindwa kwa faida ya mtu ambaye sidhani anajua jina langu la pili.

Najua mtasema si uandike mkataba, sheria imekuachia hiyo nafasi. Ni kweli imeniachia. 2019 nilijaribu, nikachapisha ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili rahisi, kwamba prodyusa atumie muziki wote anavyotaka kwa hiyo filamu lakini hakimiliki ibaki yangu. Nikampelekea. Akausoma amesimama, akanirudishia, akaniuliza, "Kwani wewe ni wa kazi ama ni wa kesi?" Kazi alipewa kijana mwingine, na simlaumu yule kijana, kodi ya nyumba haijui hakimiliki. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo tulivyofunzwa, lakini sheria si iliandikwa ndio huyu asiye na nguvu asiwe ni wa kupisha kila saa? Kule Uingereza, ambako tulichukua sheria zetu nyingi, sheria yao ya 1988 inamwachia mtunzi aliyeagizwa hakimiliki yake mpaka asaini kuitoa, anayechukuliwa kazi moja kwa moja ni yule aliyeajiriwa na mshahara. Sisi tumebaki na mzigo wa kumwagiza mtu na kumchukulia kila kitu kimya kimya. Katiba ya 2010 kifungu cha 40(5) inasema dola itaunga mkono, itakuza na italinda haki za ubunifu za watu wa Kenya. Sasa hiyo "lakini" ya kifungu cha 31 inamlinda nani?

Wengine wataniambia hata Marekani prodyusa huchukua hakimiliki yote. Kweli kabisa, huko wananunua mpaka kivuli chako. Lakini kuna kitu wanaacha. Kipindi kikichezwa kwa TV, pesa za mirabaha ya kuchezwa, yaani malipo ya kila mara muziki unapochezwa, zinagawanywa mara mbili, fungu la mchapishaji na fungu la mtunzi, na kwa desturi yao hilo fungu la mtunzi linabaki na mtunzi hata kama hakimiliki alishaitoa. Na kitu cha kuchekesha ni kwamba majumba ya sinema ya Marekani hayalipi mirabaha hiyo kabisa, ilitolewa na uamuzi wa korti 1948, kwa hivyo watunzi wakubwa unaowasikia majina, pesa yao ya nyumbani inatoka kwa TV na kwa sinema za nchi zingine. Inafikaje kwao? Kwa karatasi moja tu.

Na hiyo karatasi ndiyo nataka mnisikilize hapa hata kama mengine yote mtayatupa. Wanaiita kyu shiti, sisi tuiite tu orodha ya muziki. Ni ukurasa, wakati mwingine mbili. Prodyusa anajaza: kipindi kinaitwa hivi, sehemu ya ngapi, muziki wa kwanza umeingia sekunde hii ukatoka sekunde hii, umekaa dakika ngapi, ni wa kufungulia kipindi ama wa chini ya mazungumzo ama mtu anauimba mbele ya kamera, umetungwa na nani. Basi. Nakala inaenda kwa stesheni, nakala inaenda kwa chama cha kukusanya mirabaha, na kila kipindi kikirudiwa mtu anajua ni nani alipwe. Kujaza ya kipindi cha nusu saa inanichukua dakika 20 nikiwa na chai mkononi.

Miaka hii yote 11 hakuna prodyusa hata mmoja wa hapa aliyewahi kuniomba hiyo karatasi. Mmoja tu aliwahi kuitaja na alikuwa Mjerumani. Nilipoenda mimi mwenyewe kwa ofisi moja ya mirabaha, siitaji, nikauliza muziki wangu wa TV niuandikishe aje, afisa akaniuliza wimbo unaitwaje na unachezwa redio gani. Nikamwambia hauna jina, una namba, huu ni 1M4, yaani muziki wa nne wa sehemu ya kwanza. Akaniangalia kama nimemtukana. Akaandika kwa fomu, "Wimbo: 1M4. Msanii:" akaniangalia tena, "Wewe ni msanii?" Sijui alimaliza kujaza aje. Na sitaki kuingia kwa vita vya nani ana leseni ya kukusanya na nani hana, hiyo tumeifuata kortini na kwa magazeti mpaka tumechoka, ninachosema ni kwamba hata leseni ikipewa malaika, bila orodha ya muziki hata yeye hatajua pesa ya mguu wa mzee apelekee nani.

Kuna kitu kingine kinaniuma na sijui kama nikiseme lakini wacha nikiseme. Kanuni za utangazaji zinataka asilimia 40 ya vipindi viwe vya nyumbani, na nyinyi mnapenda kuitaja hiyo asilimia kwa mikutano. Sasa keti siku moja uangalie hivyo vipindi vya nyumbani ukiwa umefumba macho. Mwanamke wa Nyeri analia kwa Kikuyu, chini yake ni piano ya maktaba ya muziki ya ng'ambo, ile unalipia kwa mwezi na kupakua utakacho. Polisi wa Nairobi wanakimbiza mwizi Gikomba, chini ni ngoma zile zile unazisikia kwa tangazo la magari la Ulaya. Picha ni yetu, maneno ni yetu, na sauti ya hofu na ya mapenzi na ya kilio imekodishwa. Na inahesabiwa nyumbani asilimia mia. Siku hizi hata maktaba hawaendi, wanaandikia kompyuta "tunga muziki wa Kiafrika wa huzuni" na inatema kitu chenye ngoma ya kutoka nchi zote na hakuna nchi yoyote.

Na si eti nchi hii haisikiki vizuri kwa filamu. Born Free ilishutiwa hapa ikatoka 1966, Out of Africa ikatoka 1985 na milima ya Ngong ndani yake, muziki wa zote mbili ulitungwa na John Barry, Mwingereza wa kutoka York, na kwa hizo mbili alipata Oscar tatu, mbili kwa Born Free, ile ya simba, na moja kwa ile ya Ngong. Sina ubaya na yeye, mimi ule muziki nimeukalia usiku mwingi nikiuchambua na nimeuibia mbinu, mtamu kabisa. Lakini fikirieni hii: ndani ya Out of Africa kuna kijana anaigiza anaitwa Job Seda, na Job Seda ndiye Ayub Ogada, mpiga nyatiti mwenyewe, yuko mbele ya kamera anaigiza huku muziki wa milima yake utatungwa na mtu wa mbali. Miaka 20 baadaye The Constant Gardener ikashutiwa Kibera na kule Loiyangalani, na wimbo wa Ogada, Kothbiro, yaani mvua inakuja, ukawekwa ndani, watu wa dunia nzima wakaulizana hiyo sauti ni nini. Lakini hata hapo uliingia kama wimbo ulioazimwa kutoka kwa albamu ya 1993, mtunzi wa filamu alikuwa Mhispania, Alberto Iglesias. Ogada ametuacha 2019. Mimi huwa najiuliza angetunga nini kama angewekwa chini na dairekta, mbele ya picha, akaambiwa ingia hapa, toka hapa.

Jukwaani sitakaa sana ingawa ndiko nilikoanzia. Kenya National Theatre imekuwa hapo mkabala na hoteli ya Norfolk tangu 1952 na nimepigia kibodi pale nikiwa nimejificha nyuma ya pazia, giza totoro, naangalia kidole cha mwenye kusimamia jukwaa, akikishusha naingia. Hakuna raha kama hiyo, wacha niseme tu, ukikosea umekosea mbele ya watu na ukipatia unasikia ukumbi mzima umevuta pumzi pamoja. Lakini London na New York mtunzi wa mchezo wa nyimbo hupata asilimia ya tiketi usiku baada ya usiku. Hapa ni bahasha ya siku ya kwanza, na ukiwa na bahati soda. Vile vikundi vya kuigiza vitabu vya mtihani mashuleni, nilitungia kimoja nyimbo sita, wakazunguka nazo Machakos, Murang'a, Nakuru, shule mbili kwa siku, mwanafunzi analipa mlangoni. Mwaka wa pili hawakuniita, walikuwa na nyimbo zangu kwa flashi. Mwaka wa tatu binamu yangu wa kidato cha nne akaniimbia mmoja nyumbani, akaniambia ndio unamsaidia kukumbuka wahusika. Nikamwambia basi imba vizuri, hapo kwa "usaliti" unapanda juu, haushuki.

Sasa ninachoomba, na sitawapangia moja mbili tatu kama wale watu wa ripoti. Waheshimiwa wa Bunge, hiyo "lakini" ya kifungu cha 31, ipelekeni mahali ilipo kifungu cha 33, kwamba kama unataka kuchukua hakimiliki ya mtu uliyemwagiza basi uandike na yeye asaini, na hata akisaini fungu lake la mirabaha kama mtunzi lisiguswe. Hamtaua prodyusa yeyote kwa hiyo, bado atatumia muziki kwa filamu yake mpaka achoke, atakachokosa ni kuuza muziki wangu kwa tangazo la sabuni bila kuniambia. Nyinyi wa utangazaji, stesheni isipokee kipindi chochote bila orodha ya muziki, kama vile haiwezi kupokea bila kanda ya picha, na mkihesabu asilimia ya nyumbani angalieni na hiyo safu ya mtunzi, mtashangaa. Nyinyi mnaotoa pesa za kusaidia filamu, wekeni laini ya muziki kwa fomu ya bajeti, laini yake peke yake, si pale chini kwa "mengineyo" pamoja na maji ya kunywa. Mkitoa pesa awamu ya mwisho, ngojeni kwanza mwone orodha. Nyinyi wa mirabaha, tengenezeni fomu inayokubali muziki usio na jina. Na wapiga ala wawe na safu yao hapo, maana mimi nilitunga lakini mguu haukuwa wangu.

Mtaniambia sekta bado ni changa, tungoje ikue kwanza. Nimeambiwa hivyo nikiwa na nywele nyeusi. TV imekuwa hapa Kenya tangu 1962, jamani. Na kama ni pesa hakuna, hiyo karatasi haina bei, ni kalamu tu.

Ndio muone kwamba inawezekana nimejaza moja mwenyewe, ya kile kipindi cha kwa kinyozi, sehemu ya kwanza hadi ya 13, nimeiunganisha na nakala za barua hii nitakazoleta kwa ofisi zenu. Nilikaa na kipindi usiku mbili nikisimamisha na kurudisha. Kila muziki uko hapo, umeingia lini umetoka lini. Kwa safu ya mtunzi nimeandika jina langu. Kwa safu ya wapiga ala, ambayo nilibidi niichore kwa rula kwa sababu haikuwepo, nimemwandika jaduong' wa kwanza, alafu kijana wa chivoti. Pale chini nimeacha nafasi ya sahihi ya prodyusa na ya muhuri wa stesheni, hizo mbili siwezi kujijazia.

Kipindi kinarudi tena Jumatatu, saa moja na nusu jioni. Nyatiti inaingia sekunde ya nne.